Mguu Wangu na Mkeka wa Ottilia

Jamani, mimi niliwahi kumkamata jirani yangu akiniroga. Asubuhi kweupe!

Subirini niwape kisa.

Naitwa Walburga, mzaliwa wa Mbaha, nimeolewa huku Maguu. Mwezi wa tatu nilichimba ngoro siku nne mfululizo, yale mashimo yetu ya mteremkoni ya kupandia maharage. Siku ya tano nikaamka nawaka moto kuanzia kiunoni, tako la kushoto, hadi kidole gumba.

Mguu mmoja tu! Wa pili mzima kabisa.

Mganga wetu, Babu Pankras, akautazama. "Umekanyaga kitu. Umewekewa na mwanamke jirani. Lala, usiutikise."

Jirani mwanamke ni Ottilia peke yake, na tulishagombea mpaka wa shamba.

Nikalala wiki mbili. Nikazidi kukakamaa kama ubao. Na mdogo wangu Edina anaolewa Mbaha baada ya wiki sita, mimi ndiye naongoza kioda, ngoma ya akina mama! Nililia, siwafichi.

Asubuhi moja naenda chooni nachechemea, nikachungulia kwa Ottilia. Yuko chali mkekani, goti kalikumbatia kifuani, anahesabu: "Kumi na nane, kumi na tisa..."

"Mchawi wewe! Leo nimekukamata!"

Alicheka mpaka machozi. "Dada Walburga, mwaka juzi na mimi niliugua hivyo hivyo. Kuna mshipa wa fahamu unatoka kiunoni hadi unyayoni. Ukibanwa mgongoni, kelele inapigwa mguuni. Kulala tu kunakukakamaza. Nenda hospitali, halafu njoo hapa."

Aibu niliyoipata! Hospitali wakasema yale yale, wakanifundisha mazoezi. Kila asubuhi mkekani, taratibu, kisha natembea hadi kanisani na kurudi. Wiki ya kwanza nilimtukana Ottilia kimoyomoyo. Ya tatu nikapata usingizi.

Ya sita? Mbaha nzima iliona vumbi la kioda changu!

Narudi Maguu, naenda kwa Ottilia, mkekani kuna mtu. Babu Pankras, goti kifuani.

"Shikamoo babu. Na wewe umekanyaga kitu?"

"Marahaba. Usinipoteze hesabu, niko kumi na mbili."

Ndugu zangu, mguu ukiwaka kutokea kiunoni, kapimwe kabla hujamtaja mtu. Ukilegea, ukisikia ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukikusumbua, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Wakikupa mazoezi, fanya hata ukiona uvivu.

Na ule mpaka tuliougombea mimi na Ottilia? Siku hizi ndipo tunapotandika mkeka.