Sinia Moja kwa Paka Wawili

Watu wa Thamesmead, mtaa wetu wa London, wanasema Bi Time alijitakia kuumizwa na paka. Wanaosema hivyo nimeshawajibu vibaya, mmoja mbele ya kanisa, watu wakitoka misa. Yule paka wa pili nilimleta mimi.

Bi Time binti Ameir ni Mpemba wa Wete. Alikimbia kwao baada ya machafuko ya 2001, akapitia Shimoni, Kenya, akafika London na mumewe Sultan na watoto wawili. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mpaka magoti yakamkatalia. Ndiye aliyenifundisha mimi, Gaudensia wa Bukoba, kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza wala kumwaibisha. Si mtu wa maneno mengi. Akikusifu, atakusifu usipokuwepo.

Barobaro, paka wao, waliachiwa na mwana wao Ziyad alipohamia Dubai kikazi. Ni paka chotara, miguu mirefu, masikio makubwa, madoa mwili mzima, kwa kuwa mmoja wa mababu zake ni mondo, yule paka wa porini. Aliyemzoea hasa ni Mzee Sultan. Alikuwa akimfunga kamba, wanatembea wawili kandokando ya ziwa kama watu na heshima zao. Februari mzee alianguka bafuni, hakuinuka tena. Bi Time akakaa eda. Barobaro akalala juu ya msala wa marehemu, akasusa chakula.

Siku ya nne ya kususa, Bi Time alinipigia simu.

"Gaudensia, huyu akifa, nitakuwa nimemzika Sultan mara mbili. Nisaidie, mwanangu."

Yeye kwenye eda hatoki ovyo, basi nilimpeleka mimi kwa daktari wa wanyama. Daktari alimpima, akampa dawa ya kumrudishia hamu. Nikamuuliza kama hawa chotara hukaa vizuri peke yao au na paka wenzao. Akasema hakuna jibu moja. Aliyekua na wenzake tangu mdogo humfurahia mwenzake; huyu amekua na watu tu, na paka mgeni anaweza kumwona mvamizi. Mkitaka kujaribu, akasema, apone kwanza. Kisha kila mmoja chumba chake, chombo chake cha kulia, na wanusishwe vitambaa vya mwenzake wiki kadhaa kabla hawajaonana.

Mimi na pupa yangu nilishika neno moja tu, mwenzake. Jirani yangu Jaspal alikuwa anahama, anamtafutia paka wake mzee pa kukaa. Jumamosi ya wiki ileile nikampeleka kwa Bi Time. Habari za vyumba na vitambaa nilimweleza nikiwa mlangoni, maana shifti yangu ilikuwa inaanza saa nane mchana.

"Mgeni nimfungie chumbani?" aliuliza. "Nyumba hii?"

Nikacheka, nikakimbilia basi.

Akafanya kama kwao wanavyomfanyia mgeni yeyote. Alichemsha nguru, akamchambua miba, akampakua kwenye sinia, akawaita wote wawili. Kwao watu wakishakula sinia moja ni watu wa nyumba moja, naye akaona paka nao ni hivyohivyo. Paka wa Jaspal alisogea kula. Barobaro akamrukia. Mgeni alichanika sikio, na mkono wa Bi Time, alipouingiza kati, ukashonwa nyuzi tisa.

Binti yake Najla alikuja mbio kutoka Queensbury, upande wa pili wa London. Nilimkuta amesimama sebuleni, simu mkononi.

"Mum, enough. Nimeshawapigia rescue, wale wa kuokoa wanyama, wanamchukua Barobaro Jumatatu. Na wewe unakuja kukaa kwetu."

"Eda yangu naimaliza hapa," alisema Bi Time. "Na huyu hendi popote."

"Auntie, please, mwambie."

Nikasema paka wa Jaspal nitamchukua mimi, Barobaro abaki peke yake na mama, kwa kuwa daktari alisema amekua na watu tu. Najla alilia, akakubali kusubiri mpaka Ijumaa. Asipokula, anaondoka.

Jumanne Bi Time aliketi sakafuni, mkono mmoja kwenye bandeji, akamnyooshea Barobaro nyama kwa mkono wa pili. Akala. Jumatano akala tena, akahama kutoka kwenye msala, akalala miguuni pa Bi Time. Najla alipoambiwa kwenye simu akasema sawa, abaki.

Alhamisi nilikwenda na moyo mweupe, nikijiona nimemaliza kazi.

"Kumbe hakutaka paka mwenzake," nikamwambia. "Alitaka mtu wa kukaa naye."

Bi Time alikuwa akimpapasa yule paka.

"Weye je, Gaudensia? Tangu khitma ya Sultan mpaka nilipoumia mkono huu, ulikuja kuniona mara ngapi?"

Nilihesabu, na nilijua yeye ameshahesabu. Nilikuja mara mbili, na zote mbili nilikuja kwa ajili ya paka.