Mchuzi Hauuzwi kwa Mtu Mmoja

Kwa miezi kumi na moja Malsun alikuwa na hamu ya mchuzi wa samaki, na hamu yenyewe, niwaambie ukweli, haikuwa ya mchezo. Ilimvamia hata kazini, kwa dobi, akipiga pasi mashati ya watu wa Jumunjin, mji wetu wa bandari, akawa anameza mate juu ya kola za wenyewe. Aliutaka ule mwekundu wa kichwa na mifupa, wenye figili iliyolainika na pilipili ya kutoa kamasi. Mumewe, Gicheol, alikuwa akimpeleka kuula kila Alhamisi mchana, kwenye mkahawa wa Okbun.

Gicheol alifariki mwaka jana, majani yakipukutika. Tangu hapo Malsun amejaribu kuupika nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza kile kisufuria cha mtu mmoja kilimchekesha, mara ya pili kikamliza, akaacha. Na kwa Okbun aende vipi? Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa, utadhani tangazo la uchaguzi: KUANZIA WATU WAWILI. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mchuzi huu hauuzwi kwa mtu mmoja, mjane akale tambi.

Alhamisi moja ya mvua miguu ikampeleka yenyewe.

"Wangapi?" Okbun aliuliza bila kugeuka, akiparua magamba.

"Wawili." Uongo ulimtoka Malsun kabla hajaufikiria. "Mwenzangu yuko njiani."

Hapo Okbun akageuka, akamtazama. Msibani alikuwepo, aliinama mbele ya picha ya Gicheol na kula supu ya msiba na waombolezaji wengine. "Dohyeon amekuja?" akauliza. Dohyeon ndiye mtoto wao wa pekee, anafanya kazi mbali, Changwon.

"Hapana. Mtu mwingine."

"Haya, kaa pale dirishani, Mama Dohyeon."

Zikaja bakuli mbili za wali, vijiko viwili, vijiti jozi mbili. Ikaja sufuria, ikawekwa juu ya jiko la gesi la mezani, ikachemka. Harufu ikampanda Malsun mpaka machozi yakamlengalenga. Lakini ataanzaje kula? Mtu mwenye adabu hagusi kijiko kabla mwenzake hajafika, na mwenzake alikuwa hewa tupu. Jamani, mwanamke yule alijifunga kwa kamba yake mwenyewe! Akakaa na mikono mapajani, akiutazama mchuzi unavyopungua.

Meza ya pili walikuwepo madereva watatu wa malori. Mmoja akashindwa kuvumilia. "Shangazi, mchuzi unakauka huo. Huyo mgeni wako anatoka Busan kwa miguu?"

Wenzake wakacheka. Okbun akaja na birika, akaongeza supu. Baada ya muda akaja tena, akaongeza. Alipokuja mara ya tatu Malsun alikwishashika mkoba wake, uso umemwiva kwa aibu.

"Okbun, nimekudanganya," alisema polepole, madereva wasisikie. "Hakuna anayekuja. Nitalipa ya wawili, niache niende zangu."

Okbun akaweka birika chini. Akafungua aproni, akaitundika kwenye kiti, akaketi mbele yake huku akiguna.

"Nani kakwambia hakuna anayekuja? Nilikuwa njiani. Kwa magoti haya, kutoka jikoni mpaka hapa ni safari."

Malsun alikuwa bado ameukumbatia mkoba.

"Kaa ule," Okbun akamwambia. "Miaka arobaini nawapikia watu mchuzi huu, sijawahi kukaa nikaula. Kila siku niko mmoja. Lile tangazo nililiandika mwenyewe, na mimi limenibana vilevile."

"Mama, kimchi imekwisha huku!" akaita yule dereva, akiinua kibakuli kitupu cha kabichi iliyochachushwa.

"Friji unaiona, kajichukulie. Mimi nina mgeni."

Kisha akachokoa kichwa cha samaki, akatoa ile nyama ya shavuni, laini kuliko zote, akaiweka juu ya wali uliokuwa kwenye kijiko cha Malsun. Gicheol alikuwa akifanya hivyohivyo kila Alhamisi, kwa miaka thelathini na minne, huku akidai kwamba yeye hapendi shavu. Malsun alitia kijiko mdomoni, akalia waziwazi. Uchungu ulikuwepo, na raha ilikuwepo, vyote vikamshuka kooni pamoja na pilipili.

"Kali?" Okbun akauliza.

"Kali."

"Kamasi hizo. Chukua tishu, usinichafulie meza."

Wakala mpaka mifupa ikawa myeupe. Okbun alinyonya macho ya samaki yote mawili bila kuomba ruhusa, na Malsun akamtania kuwa ni mlafi, akacheka.

Alhamisi iliyofuata mvua haikunyesha. Malsun akasukuma mlango.

"Wangapi?" Okbun aliuliza bila kugeuka.

"Wawili."

Okbun akaanza kufungua aproni.