Milcah na Mvua ya Saa Tisa

Asubuhi ile Milcah alishindwa kutulia. Alikuwa amepanga nyaya za swichibodi, akazipangua, akazipanga tena, na bado haijatimia saa tatu.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuunganisha simu, kwanza posta ya mjini Kakamega, kisha hapa Lurambi tangu chuo kikuu kilipofungua tawi lake. Yeyote aliyetaka kuongea na watu wa maabara, ng'ambo ya bonde, alipitia mikononi mwake. Walimu wengine hawakuijua sura yake, ila sauti yake waliijua, naye alijua nani anachumbia nani na nani humdanganya mkubwa wake kwamba ana homa. Mtu wa namna hiyo lazima ajione nguzo ya nyumba, na kusema kweli alikuwa nguzo.

Shida ilikuwa kebo ya bondeni. Wezi wa shaba walikuwa wameichimbua mara tatu, na iliyobaki ilikuwa viungo vitupu. Maji yakiingia, imekufa. Ndipo mwaka huo wa 1999 chuo kikaamua kuachana na waya kabisa, kompyuta na simu zivuke bonde hewani, kutoka antena hadi antena. Kampuni zilizoomba tenda zikachujwa, zikabaki mbili za Nairobi. Bwana Were, msajili wa chuo, alimtia Milcah kwenye kamati ya kuchagua kwa kuwa hakuna aliyejua kama yeye laini hufa lini.

Kampuni ya kwanza ilimleta Kibiwott, kijana wa tai na kicheko. Wiki iliyotangulia alikuja kunywa chai kwenye chumba cha swichibodi, akamhakikishia Mama Milcah kwamba mtambo wake utachomekwa kwenye swichibodi ile ile, na kiti chake hakitaguswa na mtu. Kampuni ya pili ilimleta Laila, fundi mwanamke, binti wa watu wa Mumias. Huyo alitoa salamu, akapima ukuta kwa futi, akakataa chai. Milcah alipomuuliza habari za swichibodi, alijibu bila kuzunguka.

"Simu zitajipitia zenyewe, mama. Hii haitahitajika."

Maneno hayo ameambiwa mtu akiwa amekalia kiti chenyewe! Milcah alimchukia papo hapo, na sioni kwa nini asingemchukia. Alikuwa na miaka arobaini na sita, shamba robo ekari huko Navakholo, na hakuna kazi nyingine duniani aliyoijua.

Sasa siku ya majaribio ilikuwa imefika, jua linawaka, na mitambo yote miwili ikafanya kazi vizuri. Picha zilitumwa kutoka maabara zikafunguka kwenye kompyuta za chumba cha kamati. Za Kibiwott zilifunguka haraka zaidi, tena antena yake ilikuwa ndogo, imekaa kwa adabu juu ya paa. Laila alikuwa amesimamisha bomba refu la chuma kupita vilele vya mikaratusi ya bondeni, na mwalimu mmoja wa kamati akasema litaharibu sura ya chuo. Kufikia wakati wa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa mchana, Kibiwott alikuwa ameshinda, zimebaki sahihi tu. Alishaanza kufunga mikoba, eti awahi barabara kabla ya mvua.

Milcah hakula. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena kutazama mawingu upande wa ziwa. Watu wote wa Nairobi waliowahi kuja kuuza mitambo hapo walifanya hivyo hivyo: hufika asubuhi, hula, huondoka saa nane. Hakuna hata mmoja aliyeiona Lurambi ya saa tisa. Yeye alikuwa na daftari zima la simu zilizokatwa na mvua ya saa tisa. Alijua pia kwamba hata redio za mkononi za askari wa lango hunyamaza mikaratusi ile ikishalowa, wakati asubuhi zinasema kama kawaida. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo kwa saa moja tu, na kiti chake kilikuwa salama.

Lakini kulikuwa na ile siku ya Aprili. Mwanafunzi alirukiwa na asidi usoni, na Phanuel, fundi wa maabara, akapiga simu kuomba gari. Milcah alisikia jina lake likiitwa mara mbili katikati ya mvua, kisha kimya. Alichomeka na kuchomoa mpaka vidole vikamuuma. Phanuel alivuka bonde mbio kwenye matope, na gari lilipofika, jicho moja la msichana yule lilikuwa halina tena dawa. Tangu hapo, mvua ikianza, Milcah huacha kila kitu akaijaribu laini ya maabara.

Akaingia ndani, akasimama mlangoni.

"Bwana Were, huyu asiende bado. Huku mvua inanyeshanga saa tisa. Hatujaona mtambo wa mtu yeyote ukinyeshewa."

Kibiwott alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mama Milcah, si tulikuwa tunaelewana?"

Milcah alivuta kiti akakaa. Bwana Were alitazama saa yake, akaagiza chai iongezwe.

Mvua ilikuja na dakika kumi za kuchelewa, pamoja na mawe. Picha ya Kibiwott ilifunguka nusu, ikakwama. Aligonga kibodi, akatoka kwenda kutazama antena yake, akarudi amelowa hadi kwenye tai. Picha ya Laila nayo ikapunguza mwendo, ikasimama, na Milcah, Mungu amsamehe, akaomba ife. Haikufa. Ilijivuta, ikamalizika.

Kisha simu ya mezani pale, ambayo Laila alikuwa ameifunga kwenye mtambo wake, ikalia. Milcah aliinuka, akapiga hatua tatu kuelekea swichibodi kabla hajakumbuka. Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Ipokee hapa hapa," Bwana Were alimwambia taratibu.

Alikuwa Phanuel, akiwa ng'ambo, na sauti yake ilisikika kana kwamba yumo chumbani.

"Milcah! Leo umeniunganisha haraka, na mvua yote hii."

"Si mimi, Phanuel," akasema. "Umejipitia mwenyewe."

Akaweka simu chini, akavuta karatasi za tenda ya Laila, akamwomba Bwana Were kalamu.