Sumaku Iliyokula Betri ya Trekta

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka bado najikasirikia. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, hapa hapa Nyamwaga. Nilikuwa nimetoka kujifunza ufundi Musoma, kichwa kimenivimba. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Yangu yaliondoka yote.

Tangi la maji la kijiji lilikuwa kilimani, na ilibidi mtu apande kufungua koki ili ng'ombe wanywe huku chini. Nikazungusha waya wa shaba kwenye kipande cha chuma, nikapata sumaku ya umeme. Ukibonyeza swichi, sumaku inavuta mkono wa koki, maji yanashuka. Akina mama walipiga vigelegele! Nisilowaambia ni kwamba umeme ule nilikuwa nautoa kwenye betri ya trekta la kijiji, niliyoichomoa bila kuomba, na kwamba sumaku ilikula muda wote koki ilipokuwa wazi. Kutwa nzima, mwanangu.

Mchana mmoja Bhoke, mke wa jirani yangu, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nesi akasema apelekwe hospitali Tarime upesi. Dereva wa trekta akairudisha betri mahali pake, akapiga stata. Kimya.

"We Marwa, umeifanya nini betri?"

Tulimbeba Bhoke na kitanda chake mabegani, tukipokezana, na kila alipolia nilitamani ardhi inimeze. Mungu alisaidia, mama na mtoto walipona. Lakini Bhoke hakunisalimia mpaka mahindi yakavunwa.

Pale Tarime mjini palikuwa na fundi kutoka Tanga, Mzee Athumani. Nikampelekea sumaku yangu anieleze nilipokosea. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shingo upande. Akaigeuza sumaku, akasonya.

"Kijana, lango la zizi unalishikilia kwa mkono mpaka asubuhi?"

"Hapana, mzee. Natia komeo."

"Sasa hii mbona inashikilia kutwa? Chovya chovya humaliza buyu la asali! Umeme uvute mara moja, komeo lishike. Ukitaka kufunga, uvute tena mara moja, komeo liachie. Na betri ya watu huombwa, haichukuliwi!"

Nikafanya hivyo, kwa komeo na springi. Safari hii niliomba kwenye mkutano wa kijiji, nikapewa betri chakavu. Ikadumu miezi.

Na wewe, unayejifunza kuunda roboti! Juzi nimekukuta umeuacha mkono wake umesimama hewani, mota zinaunguruma, zimepata moto, nawe umeinamia simu. Jamani! Nikuambie mara ngapi?

Sikia, mwanangu. Usiulize tu mashine itakula nini ikitembea. Uliza itakula nini ikiwa imetulia. Halafu uliza ni nani atakosa hicho unachoilisha. Ukishindwa kujibu, usiwashe.

Haya, nenda kazini. Mungu akujalie mikono myepesi na ulimi usioona haya kuuliza, na kila utakachounda kimfae hata yule asiyekujua.