Misumari Iliyopigiliwa Nusu

Mwanangu, mtu akipigilia msumari hadi mwisho, amekata tamaa au amekubali? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefika umri wa makamo, na swali hili bado linanishinda.

Nakumbuka chumba chetu cha mbele kule mtaa wa Walthamstow, miaka ile Wahindi wa Kenya tulipokuwa tukiwasili London. Baba, aliyekuwa fundi wa viti Mombasa, alipata kazi katika karakana ya Mzee Arthur, Mwingereza aliyejifunza ufundi katika mji mdogo wa mbali. Jioni baba alimtengenezea mama yake kiti. Bibi alikuwa amebaki Mombasa, nasi tuliamini atatufuata. Makumbi ya nazi yalishindiliwa, kitambaa cha kijani kikatandikwa juu. Lakini misumari baba aliipigilia nusu tu, jinsi mafundi wafanyavyo kabla ya kukivuta kitambaa mara ya mwisho. Bibi asipoipenda rangi, alisema, kitambaa kitatoka bila kuchanika. Hatukuruhusiwa kukikalia kiti hicho.

Mzee Arthur alikuja siku moja kunywa chai, akakizunguka kiti kile. "Nimewatengenezea maaskofu viti," akasema, "na hakuna aliyengojwa hivi." Baba alicheka, ila kiti hakukigusa.

Kisha shangazi akawasili kutoka Mombasa, akitetemeka ndani ya koti la kuazima. Hata hajaketi, baba alimuuliza bibi anakuja lini.

"Mama anasema hawezi kuanza kuvaa soksi uzeeni," shangazi akajibu. "Haji, kaka. Kiti anasema ukikalie wewe."

Baba alibaki akivipapasa vichwa vya misumari.

Mwanangu, aliye mbali mtamani, sikukatazi. Mimi mwenyewe nikinusa makumbi, Mombasa yote hunirudia na chozi hunitoka. Lakini usiyaishi maisha yako kwa misumari ya nusu, ukitembea kwa tahadhari ndani ya nyumba yako kana kwamba mwenyewe hajafika. Mungu akujaalie watu wa kuwatamani, na akujaalie pia moyo wa kuketi, kama alivyomjaalia baba.

Kwani asubuhi iliyofuata tuliamshwa na nyundo. Nilipoingia chumba cha mbele, misumari yote ilikuwa imezama, na baba ameketi juu ya kile kiti, akivaa soksi zake za kwendea kazini.