Mkwe wa Sahani Moja

Selina alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Pasiansi, mshonaji wa sare za shule, na mwoga kupindukia. Paka akiangusha sufuria, yeye huniita, "Odeta! Umesikia?" Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekubali kufunga ndoa ya uongo. Nilimwambia usoni kwamba amepotoka. Hakunisikia, na sababu niliijua.

Mama yake, Bibi Modesta, alipopooza upande mmoja, aliyembeba mgongoni hadi barabarani kila siku ya mazoezi ya viungo, miezi minne mizima, alikuwa mpangaji wao Yeremia, fundi wa injini za mitumbwi kutoka Uganda. Kibali chake cha kuishi nchini kilipokaribia kwisha, mjuaji mmoja kule mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, akamwambia kwamba mume wa Mtanzania hasumbuliwi. Yeremia akamwomba Selina. Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Wakaenda bomani, wakasaini, wakarudi. Yeremia akaendelea kulala chumba chake cha uani, na Selina hakulala tena. Pikipiki ikisimama nje, cherehani nayo inasimama. Jioni mimi ndiye niliyewauliza maswali kama hakimu wa jikoni: mumeo ana kovu wapi? Goti la kushoto. Chai anakunywaje? Na tangawizi, bila maziwa. Bibi alifundishwa sentensi moja tu, aseme, "Ni mkwe wangu."

Jumanne asubuhi afisa uhamiaji akabisha hodi, amekuja kuihakiki ndoa. Aliitwa Machibya, mtu wa Misungwi, mpole mno, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Selina alikalia mikono yake. Kovu akalijibu, tangawizi akaijibu. Machibya akafunga faili, nami nikaanza kupumua. Kumbe alitaka kwanza kumuaga mzee wa nyumba, akapita hadi uani.

Huko Bibi na Yeremia walikuwa wamekaa mkeka mmoja, wanakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga kwenye sahani moja. Kwa mkono wake mzima Bibi alikuwa anamkung'uta Yeremia chembe za karanga kwenye kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu michembe."

"Asante, mama. Huyu ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu," akajibu, sawasawa kama alivyofundishwa.

Machibya hakuondoka. Alitazama ile sahani kwa muda mrefu. Mgeni wa mbali asingeona kitu, lakini sisi Wasukuma, Machibya naye akiwamo, tunajua kwamba mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja, hawashikani mikono, hata njiani mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Mume wa Sabina, binti mkubwa wa Bibi kule Kisesa, ana miaka kumi na miwili katika ndoa na Bibi hajawahi kumtazama usoni. Sisi na akili zetu tulikariri kovu na tangawizi, hilo tukalisahau kabisa. Kwa Bibi, Yeremia alikuwa mwanawe, maana ndiye aliyekuwa akimbeba yeye mgongoni.

"Mama, mkwe wako, na mnakula sahani moja?"

Bibi akaelewa. Akavuta kitenge kikamfunika uso, akageukia ukuta.

"Basi itabidi mama aje kuandika maelezo," Machibya alisema taratibu. "Na mahakamani ataapishwa. Akiapa halafu aseme uongo, hilo nalo litakuwa kosa lake mwenyewe."

Selina, huyo huyo anayeogopa paka, alisimama mlangoni.

"Afisa, mama yangu hajui kitu. Niandike mimi."

Cheti chao cha ndoa kiligeuka kielelezo mahakamani. Yeremia alirudishwa kwao na kukatazwa kurudi. Selina amefungwa miezi sita, na uji wa Bibi sasa napika mimi. Mwanamume yeyote akibisha hodi, hata mleta maziwa, Bibi huvuta kitenge usoni upesi na kugeukia ukuta. Mtu akishaondoka, huniuliza kwa sauti ndogo, "Odeta, safari hii nimefanya vizuri?"