Boksi la Reijo Ndani ya Sauna

Reijo aliendesha gari la kusukuma theluji pale mjini Lahti, lakini kilichomchoma si baridi, ni Martti wa ghorofa ya juu yake.

Tuija, mkewe Reijo, alirekodi sauti za ndege miaka kumi na miwili. Kadi ya kinasa sauti ikijaa, anazihamishia kwa Martti, mpenda ndege mwenzake, mwenye boksi la diski la kuhifadhia mafaili, linalomeza kila kitu, kisha anaifuta kadi. Kwa hiyo akitaka kuwasikiliza ndege wake, anapanda juu. Kila Jumatano. Kahawa anainywa huko huko. Reijo chini anasikiliza nyayo darini: sasa wamekaa. Sasa mmoja kaenda jikoni. Sasa kimya. Kimya cha nini?

Akaona isiwe tabu. Akanunua boksi lake, kubwa kuliko la yule, ndege warudi kwao. Kwa Wi-Fi, mashine ikaandika kuwa kuzihamisha kutachukua siku kumi na tisa. Martti akasema ashushe waya, siku mbili zinatosha. Basi waya wa bluu ukaning'inia kutoka baraza la Martti mpaka dirishani kwa Reijo, na kila akiuona anahisi jamaa kaingiza mkono nyumbani kwake.

"Ikimaliza tu, futa za kwako," akambana kwenye ngazi. "Zote, jirani. Hata shomoro asibaki."

Martti akasema sawa. Hakubisha, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Boksi lilikoroma, nyumba yenyewe vyumba viwili, Reijo akalitupia ndani ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke kando ya bafu, juu ya benchi, kando ya mabuti. Wiki nzima sauna ni stoo, nani hafanyi hivyo? Jumamosi unatoa vitu, unawasha.

Jumamosi mchana ndege wa mwisho akaingia, waya ukavutwa juu. Tuija alikuwa barazani kainua shingo, anamshukuru Martti, mara akaangua kicheko ambacho Reijo hakuwa amekisikia tangu uchumba. Akapita bafuni macho yakiwa kule kule barazani, na mkono wenyewe, kama kila Jumamosi, ukazungusha kitufe cha jiko la sauna.

Harufu ya plastiki ndiyo iliyomzindua. Boksi lilikuwa limelala kama siagi juani, mabuti yanatoa moshi.

Tuija hakupiga kelele. Alisimama mlangoni. "Miaka kumi na miwili, Reijo."

Reijo akapanda ngazi bila soksi. Mara ya kwanza maishani akamwombea Martti awe mwongo.

Martti alifungua, akamnusa. "Umewasha."

"Ulifuta?"

"Bado. Nilitaka Jumamosi ipite kwanza. Tuija aliniambia umeliweka wapi."

"Na hukunionya?"

"Wewe? Ungenisikiliza mimi?"

Ndege wapo wote, hata shomoro. Lakini kilichobaki kichwani ni kingine: kumbe wakikaa huko wananijadili.

Siku hizi Jumatano wanapanda wawili. Reijo anakaa katikati ya kochi, kahawa ya Martti mkononi, na inauma kwamba ni tamu. Ndege akianza kulia, Tuija na Martti wanafumba macho kwa pamoja.

Ya Reijo hayafumbwi.